Mama Teleksi na Sifuri Yangu

Mtu aliyetumwa na Mama Teleksi hakuondoka mlangoni kwake mpaka ayarudie maneno yote aliyopewa, na akishayarudia, aseme kwamba yameisha. Hata kama ametumwa chumvi. Niliwahi kumwona akimrudisha mzee mzima wa kanisa, mwenye koti na Biblia kwapani, kwa sababu alikuwa amesema tu "nimesikia, mama" na kugeuza mgongo.

"Kusikia haiko kufika," alimwambia. "Rudilia."

Mzee akarudia, uso umemvimba, kwamba kesho kikao cha akina mama kingeanza saa nne wala si saa tatu, na kila mmoja aje na sahani yake.

"Njo yote?" akamwuliza kwa Kiswahili cha kwao, yaani ndiyo yote?

"Njo yote, mama."

"Haya, enda na Mungu."

Tulimwita Mama Teleksi kwa sababu alikuwa ameketi miaka mingi mbele ya mashine ya teleksi, ile ya kuandika huku maneno yakachapwa mji mwingine, katika posta ya Uvira, Kongo, kabla ya mambo yaliyotuleta sote Malawi. Sitaeleza alizaliwa wapi wala na nani. Yeye mwenyewe hakuyapenda maswali hayo, na aliyemuuliza alijibiwa kwamba ukoo haupigi chapa. Nitasema ninayoyajua. Mimi nilikuwa mwandishi wa zahanati ya kambi ya Dzaleka, kijana wa Rumonge, Burundi, mwenye mwandiko mzuri na kiburi cha kumtosha, na huyu mama ndiye aliyenivunjia jina mbele ya kambi nzima. Ndiye pia aliyekuja kulirudisha. Kwa hiyo simpaki asali, na masizi pia simpaki.

Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na alivaa viatu vya kiume vya kamba ambavyo alivipiga rangi kila asubuhi, masika na kiangazi. Kwa viatu hivyo alitembea kutoka chumba chake cha Kawale hadi Old Town, mjini Lilongwe, akiruka madimbwi, na alifika kazini vikiwa vinang'aa, sijui kwa uchawi gani. Nsima, ugali wa Malawi, aliila kila siku na kuisema kila siku. Bukari ya Uvira, alidai, ilikuwa ngumu kama inavyopasa, hii ya Malawi ni ya wagonjwa. Sahani ilirudi nyeupe.

Kanisani walimpa nafasi ya kuomba mara moja tu. Aliomba maombi matatu, mvua, amani na mtoto wa katekista aliyekuwa na kifafa, kisha akasema "fini", yaani imekwisha, na kuketi. Mchungaji alibaki amefumba macho akingoja yaliyobaki. Baadaye, akina mama walipomteta kwamba hana roho ya sala, alijibu kwamba Mungu si mashine mbovu, ukimwambia mara moja amepata. Alikuwa mtu wa kumaliza. Akikueleza jambo ulijua limeanzia wapi na limeishia wapi, na hapo ndipo penye kichekesho cha habari hii, maana kosa lake kubwa lilikuwa kosa la kutomaliza.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Shirika lililoendesha zahanati yetu lilikuwa na ghala la dawa Lilongwe, nyuma ya maduka ya jumla ya Old Town. Zamani maombi ya dawa yalikwenda kwa karatasi mfukoni mwa dereva wa lori, na dawa zikaja siku tatu baadaye, au nne, kutegemea barabara na kutegemea dereva alikuwa na mchumba upande gani. Ndipo akaja kijana mmoja Mzungu wa kujitolea na kompyuta mbili. Moja akaiweka ghalani, nyingine juu ya meza yangu, akaziunganisha kwa laini ya simu iliyobaki tangu Dzaleka ilipokuwa jela. Kila saa nne asubuhi tuliwasha jenereta, kisanduku cha modemu kikapiga kelele zake, na programu ya kwangu ikaiita programu ya ghalani. Nikiandika jina la dawa na idadi, kule inachapishwa, mkuu wa ghala anafunga maboksi, na kesho yake lori liko kwetu. Yule mkuu tulimwita Bwana Stoo. Alikuwa Mmalawi wa Karonga aliyejifunza Kiswahili Mbeya, na alipenda sana kukisema.

Kijana wa kujitolea aliondoka baada ya miezi mitano, programu zikiwa nusu. Aliyezimalizia ni Mama Teleksi, ambaye alikuwa ameajiriwa kupiga chapa barua. Hakuna aliyemwomba. Alichukua kitabu cha maelezo cha Kiingereza, akakiweka kando ya kamusi ya Kiingereza na Kifaransa ambayo jalada lake alikuwa amelishona kwa uzi wa viatu, akaanza ukurasa wa kwanza. Ilimchukua miezi mitatu. Kwa kazi hiyo alipewa karatasi ya ruhusa kukaa mjini, maana mkimbizi mahali pake palikuwa kambini, na karatasi hiyo ilitiwa saini upya Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, kila baada ya miezi mitatu kwa barua ya Bwana Stoo. Barua isipoandikwa, chumba cha Kawale kimekwisha. Alikipenda sana chumba kile. Kilikuwa na dirisha la kioo, na alikuwa akilifuta hata likiwa safi.

Alichokipenda zaidi ya dirisha ni ile njia ya kupitisha herufi. Wataalamu wanaiita TCP. Programu moja inakaa inangoja, nyingine inaita, na ikishaitikiwa njia inafunguka kati yao. Unachoingiza huku kinatokea kule. Yule kijana alimweleza kwamba njia hiyo inaahidi mambo mawili, kwamba hakuna herufi itakayopotea na hakuna itakayompita mwenzake. Ikianguka moja njiani itatumwa tena mpaka ifike. Mtu aliyeteseka miaka mingi na teleksi inayomeza herufi ukimwambia hivyo, amekwisha. Wageni wakija ghalani aliwaambia, "Ile TCP iko na heshima kuliko bantu," yaani kuliko watu.

Na aliijaribu, mtu asiseme hakuijaribu. Aliziweka kompyuta zote mbili juu ya meza moja, akaziunga kwa waya wa urefu wa mkono, akatuma maombi kutwa nzima kwa siku tatu. Kila lililoingia huku lilitoka kule kama lilivyo. Miezi ya kiangazi nilituma kutoka Dzaleka, na kila kitu kilifika sawasawa. Asubuhi kabla ya maombi tuliandikiana salamu. "Mwandishi, umeamka?" "Nimeamka, mama." "Kazi?" "Iko." Sikuwa na mama Malawi. Nakiri kwamba salamu zile zilikuwa kifungua kinywa changu.

Mvua zikaja, na mbu, na malaria. Jumanne moja niliandika KWININI 120, nikafuata na GLAVU 40, kwa sababu nesi alikuwa ameniambia bado kidogo atawachoma watu sindano kwa mikono mitupu. Laini ilikuwa inakwaruza kwa mvua. Kama kawaida yangu niliandika vilevile kwenye kaye, yaani daftari, nikazima jenereta.

Kesho yake lori likaleta vichupa kumi na viwili vya kwinini.

Nesi, mama wa Kimalawi aliyekuwa haongei sana, alivihesabu mara mbili. Kisha akamwambia dereva "zikomo" kwa sauti ya mtu asiyekuwa na cha kushukuru. Vile vichupa viliisha kesho yake mchana. Barabara ilikuwa imekatika nyuma ya lori, simu haikushika, na kwa siku nne wagonjwa mahututi walibebwa hadi hospitali ya Dowa kwa kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, mgonjwa katikati na ndugu yake akishika mgongo. Mmoja wao alikuwa binti wa miaka minne wa jirani yangu, mama mmoja wa Fizi. Mtoto alikuwa ameshaanza degedege. Alipona, Mungu ashukuriwe, wote walipona. Lakini yule mama alikaa siku tatu Dowa bila kujua atarudi na mtoto au na shuka, na aliporudi hakupitia kwake kwanza. Alikuja kusimama mbele ya mlango wangu.

"Weye mwandishi," alisema, "sifuri moja njo ilikulemea kuandika?"

Nilimwambia sikukosea. Akapandisha mtoto mgongoni akaenda.

Barabara ilipofunguka, Bwana Stoo alikuja na lori, na Mama Teleksi kando yake. Nilifurahi kumwona, nakumbuka nilifurahi sana. Nilijua atawaambia kwamba sikukosea. Nikafungua kaye na kuwaonyesha: kwinini, mia na ishirini, tarehe, sahihi yangu.

"Kaye huandikwa hata baadaye," Bwana Stoo akasema. "Njia ya mwongo ni fupi, bwana." Kisha akamgeukia yeye. "Mama, mashine yako inasemaje?"

Aliniangalia mimi, si Bwana Stoo.

"Mashine haipoteze hata herufi moja," alisema. "Kule ilifika kumi na mbili kwa sababu huku ilitumwa kumi na mbili. Ni mwandishi njo alikosea."

"Mama, niliandika mia na ishirini."

"Mu kaye, pengine. Mu mashine uliandika kumi na mbili. Fini."

Nilitolewa mezani siku hiyohiyo. Waliweka kijana mwingine wa kuandika, na mimi nikapewa kazi ya kufagia ua wa zahanati, ambayo niliifanya siku mbili kisha nikaiacha. Na kambi, kama mnavyoijua kambi, haikosi jina la mtu. Nikawa Kumi-na-Mbili. Kisimani, Kumi-na-Mbili. Kwenye foleni ya mahindi, mpisheni Kumi-na-Mbili, huyu anachukua kidogo. Wengine walisema kwa utani tu, na utani wa namna hiyo ndio unaokaa. Mchumba niliyekuwa namtolea macho kwenye kwaya alianza kupita njia nyingine.

Lakini kilichoniumiza hasa si jina. Nilianza kuamini. Wiki ya pili nililala nikijiona nikibonyeza moja, nikibonyeza mbili, na kidole kikiruka. Niliitazama kaye yangu na sikuweza tena kuapa. Mtu niliyemheshimu kuliko wote alikuwa amesema ni mimi, na yeye hakuwa mtu wa kusema ovyo. Basi huenda ni mimi. Nilikuwa mwanamume wa miaka ishirini na sita, na nililia.

Kilichoniokoa ni glavu. Wiki ya tatu nesi alichoka, akamtuma dereva wa lori malalamiko yake. Dereva alifika ghalani akamkosa Bwana Stoo, akamkuta Mama Teleksi langoni, akampa yeye. Na kwa kuwa alikuwa ameshafundwa naye, aliyatoa maneno kama alivyoyapokea: glavu arobaini ziliombwa siku moja na kwinini, haikufika hata moja, na hakuna aliyesema hazipo.

"Rudilia," Mama Teleksi akamwambia. Akarudia.

Kwenye kompyuta ya ghalani kulikuwa na orodha ya maombi ambayo programu haikuyaelewa. Ilikuwa ikijaa yenyewe na hakuna aliyeifungua. Aliifungua. Katikati ya takataka nyingi aliona mstari mmoja wa Jumanne ile: 0GLAVU 40.

Sifuri yangu ilikuwa imefika. Haikupotea, wala haikuipita herufi yoyote. Njia ilitimiza ahadi zake zote mbili. Ila kwa mvua ile herufi zilikuja vipande vipande, na programu yake ilipoona KWININI 12 ilidhani ombi limekwisha, ikalichapisha. Sifuri ilipowasili nyuma ikachukuliwa kuwa mwanzo wa ombi linalofuata, na ghala halikuwa na kitu kinachoitwa sifuri-glavu. Kwenye teleksi, aliniambia baadaye, kila ujumbe ulimalizwa kwa herufi nne za N, na hakuna opereta aliyethubutu kukata karatasi kabla ya kuziona. Kwenye programu yake hakuziweka. Aliona njia yenye heshima namna hii haihitaji kuulizwa kama imemaliza. Mtu aliyemrudisha mzee wa kanisa mlangoni kwa ajili ya saa nne na sahani hakuidai mashine kile alichomdai mtu.

Hakuna mwingine duniani aliyejua. Bwana Stoo hakuweza kusoma mstari mmoja wa programu, na yule kijana alikuwa kwao. Kuziongeza zile N nne kulikuwa kazi ya robo saa. Angeziongeza akanyamaza, mimi ningekuwa Kumi-na-Mbili mpaka leo, na yeye angebaki na dirisha lake la kioo. Watu wakisimulia habari hii humfanya malaika aliyepanda lori palepale. Sivyo. Nilimsikia mwenyewe akimweleza mama wa Fizi, na sikulisahau neno lake: "Nilitengeneza ile siku, na nikanyamaza. Siku mbili nilikula, nikalala, nikanyamaza."

Siku ya tatu ilikuwa siku ya kugawa mahindi, watu wote wako uwanjani. Alishuka kwenye lori na mpira wa maji alioununua Old Town, urefu wa hatua kumi hivi, na vikombe viwili vya bati. Akaomba ndoo. Kisha akamwita mama wa Fizi kwa sauti, akampa ncha moja ya mpira na beseni.

Watu walisogea wakidhani ni dawa ya kuuzwa. Mimi nilikuwa kwenye foleni, na nilipomwona nilitaka kuondoka, lakini aliyekuwa nyuma yangu alinishika shati.

Mama Teleksi akamimina kikombe cha kwanza kwenye mpira, akamimina cha pili. Maji yakatoka upande wa beseni kwa mafungu mafungu, yakasita, yakatoka tena.

"Mama Fizi, maji imepotea?"

"Haikupotea."

"Ya nyuma imepita ya mbele?"

"Itapita namna gani?"

"Basi niambie, kikombe ya kwanza iliishia wapi?"

Yule mama akalitazama beseni. "Sijue. Naona tu maji."

"Njo ile," Mama Teleksi akasema. Akageukia watu. "Huyu mwandishi alituma mia moja na makumi mbili. Yote ilifika. Ni programu yangu njo ilikunywa nusu na ikafunga kinywa. Batoto benu walienda Dowa juu ya mimi. Kosa ni yangu, fote ni yangu, haiko yake. Fini."

Kisha mchekeshaji mmoja, hawakosekani, akauliza kutoka nyuma, "Basi sasa Kumi-na-Mbili ni nani?"

"Ni mimi," akajibu, akaanza kuuzungusha mpira mkononi ili auhifadhi.

Akarudi kwenye lori. Kwangu hakuja. Hakuniangalia hata mara moja, na lori likaondoka.

Nilirudishwa mezani wiki ileile, lakini hakukuwa na mashine ya kukalia. Bwana Stoo alisema chombo kinachoweza kusema kweli na bado kikadanganya hakifai, akazifunga kompyuta zote mbili kwenye magunia, tukarudi kwenye karatasi mfukoni mwa dereva. Barua ya Capital Hill hakuiandika. Mwezi uliofuata Mama Teleksi alishuka Dzaleka na godoro, kamusi na viatu vyake, akajenga nyuma ya kanisa. Jina la Kumi-na-Mbili halikumshika. Nadhani watu walimwogopa.

Na hapo ndipo, bila kompyuta hata moja, nilipojifunza kompyuta. Jumatano mchana alitukusanya watu sita saba kanisani na kutufundisha kuandika programu kwenye kurasa za kaye. Mmoja wetu alikuwa programu ya kutuma, mwingine ya kupokea, na katikati alipanga wasichana wa kwaya ambao walipitishiana karatasi ndogo zenye herufi mojamoja. Aliwaagiza waringe. Wakae nazo, wapige soga, walete tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu wasilete. Ilikuwa marufuku kwa mpokeaji kusoma neno kabla hajajua limekwisha. Kwanza itangulie hesabu ya herufi, kisha herufi zenyewe, kisha mwisho zile N nne, na mpokeaji arudishe jibu: nimepata ngapi. Hesabu na N pamoja, nikamwambia, mbona ni mkanda na kamba kwenye suruali moja? Akaniambia suruali ikianguka mbele ya watu mara moja inatosha.

Nilikuwa mwanafunzi wake bora, na nalisema bila haya kwa kuwa wengine wapo na hawawezi kubisha. Yule binti wa kwaya aliyekuwa akipita njia nyingine alinipitishia herufi nyingi katika masomo yale, na sasa ni mama wa watoto wangu. Kila kitu changu nilikipata. Kasoro moja. Miaka miwili nilikaa na Mama Teleksi kila Jumatano na hakuwahi kunigusia ile siku ya mezani. Mbele ya watu alisema fote ni yake. Lakini siku ile aliponitazama, nami nikamwambia mama niliandika mia na ishirini, hakuniamini; na juu ya hilo hakuwahi kuniambia neno. Nami sikumuuliza. Nilikuwa na hasira iliyovaa adabu. Nilimpokonya ndoo ya maji njiani nikambebea, nikamwita mama, na bado ilikuwepo.

Kisha akapata karatasi nyingine. Tajiri mmoja wa vitambaa wa Old Town, Mhindi mwenye duka barabarani na ghala upande wa Kawale, alisikia kuna mama anayeweza kuzungumzisha kompyuta, akamwombea ruhusa mwenyewe. Akaondoka Dzaleka asubuhi moja bila sherehe. Miezi mitano baadaye alinitumia dereva: nije Jumamosi, nije nimekula, nije na macho.

Nilimkuta ghorofani juu ya duka, chumba kinanuka vitambaa vipya. Mashine mbili zilikuwa mezani zinawaka, zimeungwa kwa waya, na karatasi za programu yake zilikuwa zimechapishwa na kubanwa pamoja. Alikuwa amezeeka kidogo na kuvaa miwani. Hatukuulizana habari za njiani.

"Jumatatu itaanza kazi," alisema. "Soma."

Nilisoma karibu saa nzima. Ilikuwa kazi nzuri, nasema kama fundi. Hesabu ilikuwepo mbele ya kila ujumbe, N nne zilikuwepo, jibu lilikuwepo, na vipande vyote vilingojwa na kuunganishwa kwa utaratibu. Ukurasa wa tano nikasimama. Nikarudi nyuma, nikasoma tena, kwa sababu nilijua nimeona kitu na nilijua ni nani nitakayemwambia.

"Mama," nikasema. "Hapa panangoja herufi zote zifike. Laini ikikatika katikati, hazitafika. Hii itakaa inangoja mpaka mtu aizime, na ghala zima litadhani duka halina maneno."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akainama juu ya karatasi, akaifuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja. Nilitazama ule waya kati ya mashine mbili. Ilikuwa kazi ya dakika moja: tuma ujumbe mrefu, uchomoe katikati, uone mwenyewe kama mpokeaji ataganda. Nikasimama na kuushika.

"Waca ile," akasema.

"Tujaribu kwanza, mama. Utaona."

"Mi sitake kuona." Alivua miwani, akanitazama vile alivyonitazama mbele ya Bwana Stoo. "We umesema."

Akachukua kalamu ya bic, akaifuta mistari minne kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, kisha akanipa bic ile niandike mingine.